Funguo za Mama Mkuu

Walimu walimwita Mama Funguo, naye alijua, na kwa kweli jina lilimkaa. Kishada cha funguo kilining'inia kiunoni mwake tangu asubuhi anapofungua geti mpaka jioni anapolifunga. Ukikisikia kinalia koridoni, ulijua mwalimu mkuu huyo anakuja, ukafuta kicheko usoni na kushika chaki. Stoo ya vitabu, maktaba, kabati la chaki, vyote alivifungua yeye. Hata kengele aliigonga kwa mkono wake. Mwalimu akitaka vitabu sharti amtafute, na akimpata asimame pembeni angoje, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Vitabu vya shule ile vilikuwa vipya mwaka nenda mwaka rudi, maana havikutoka.

Hakuwa mtu mbaya, tuelewane. Aliipenda ile shule mpaka basi. Aliikuta madirisha hayana vioo na walimu wanasinzia mezani, akaisimamisha kwa jasho lake, na tangu hapo akaamini kwamba siku akiiachia mkono itaanguka.

Ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile ya kungoja wakaguzi wa elimu. Mama yake mzazi alikuwa amelazwa, hali si nzuri, na mdogo wake wa kiume alimpigia simu mapema.

"Dada, mama ameamka anakuulizia. Daktari anasema tusiwe mbali."

Makamu wake, mwanamume mtu mzima asiyepandisha sauti, alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi na akasikia yote. "Mkuu, nenda," alisema. "Wageni tutawapokea sisi."

"Mtawapokea vipi? Wakitaka kuona stoo je? Mtawatumbulia macho?"

"Si utuachie funguo?"

Mama Funguo alicheka, kicheko cha mtu aliyeombwa kuazimisha meno yake. Akaenda dirishani, akampigia tena mdogo wake, na safari hii mama mwenyewe akataka simu. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa ya mama yake.

"Maliza kazi yako kwanza, mwanangu. Mimi nipo."

"Nakuja, mama. Nawamaliza hawa wageni tu, nakuja."

Wageni hawakuja asubuhi wala mchana. Mama Funguo alizunguka roho juu, akafagia ofisi iliyokwisha kufagiwa, akapanga upya vitabu vilivyokwisha kupangwa. Makamu alimwambia tena aende, akampa kisogo. Wakaguzi walipofika jua limeshapinda, walichungulia vyoo, wakasifu maua, wakatia saini kitabu cha wageni na kuondoka. Stoo hawakuiulizia hata kwa bahati mbaya.

Alikuwa anachukua mkoba wake simu ilipoita.

"Dada," mdogo wake alisema, "hata usikimbie. Mama ametutoka."

Alikimbia hivyohivyo. Alipoinama juu ya kile kitanda, funguo zikalia kiunoni mwake, na wodi nzima ikageuka kumtazama. Alitamani ardhi ipasuke.

"Kila mlango ulipofunguliwa aligeuza kichwa," mdogo wake alimwambia. Hakumlaumu. Angemlaumu, pengine ingekuwa nafuu.

Siku za msiba zikapita, akarudi kazini na funguo zake. Njiani alikuwa ameshajiandaa: geti limefungwa, watoto wako nje, walimu wanalumbana. Na niseme ukweli wake, kwa kuwa mwenyewe hakuwahi kumwambia mtu: alitaka kuikuta hivyo. Kama shule ingekuwa imeharibika, basi ile siku aliyobaki ingekuwa na maana. Angeweza kumwambia mama yake, huko aliko, kwamba unaona, wasingeweza.

Geti lilikuwa wazi. Makufuli yote yalikuwa yamevunjwa, maana funguo aliondoka nazo yeye. Alikwenda mbio stoo na kukuta rafu ziko tupu, moyo ukampasuka, akajua wameibiwa. Kisha akasikia sauti za watoto kutoka darasa la pili. Alichungulia dirishani. Kila mtoto alikuwa na kitabu chake mkononi na walikuwa wanasoma kwa zamu, vidole vikifuata mistari. Darasa la tatu vilevile. Kwenye ukuta wa ofisi ya walimu zamu zilikuwa zimeandikwa kwa chaki: nani anafungua, nani anafunga, darasa lipi linagonga kengele. Akaingia humo, akaketi. Kengele ikalia. Alinyanyuka mwenyewe kwa mazoea, kisha akakaa tena.

"Tuliona tusikusumbue msibani," Makamu alisema kwa haya. "Ilibidi tuvunje. Utusamehe, Mkuu."

"Mmefanya vizuri," alijibu, na ulimi ulikuwa mzito kama si wake. Walimu walifurahi kusifiwa. Hakuna aliyejua kwamba walikuwa wamemkata maini. Waliyaweza haya siku zote. Wangeyaweza hata asubuhi ile.

Alizifungua funguo kiunoni na kuziweka mezani. Hazikuwa zinafungua kitu tena.

Siku chache baadaye, walimu wakiwa wameketi kikaoni ofisini kwake, mwalimu wa darasa la kwanza, binti mgeni kazini, alitoka kupokea simu. Aliporudi aliketi, akashika chaki yake na kuinamisha uso.

"Kuna nini, mwanangu?" Mama Funguo aliuliza.

"Baba amelazwa, Mkuu. Lakini si kitu. Nimeongea naye, ameniambia nimalize vipindi vyangu kwanza." Akajaribu kutabasamu. "Anasema yeye yupo."

Mama Funguo alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Walimu wakadhani amekasirika.

"Nenda."

"Mkuu, watoto wangu nani ata..."

"Nenda! Wote wanasema wapo." Sauti ilimkatika, machozi yakamshuka mbele ya walimu wake kwa mara ya kwanza, wala hakuyafuta. "Usimpigie kumwambia unakuja. Ingia tu, akuone."

Binti alitoka mbio, chaki bado iko mkononi. Makamu akauliza kwa upole nani atashika darasa la kwanza. Neno "mimi" lilimfika Mama Funguo mdomoni, akalimeza.

"Pangeni ninyi," alisema.

Akaenda dirishani, akamtazama yule binti akivuka uwanja, akipita getini bila kumsubiri mtu wa kumfungulia, mpaka akapotea. Nyuma yake walimu walikuwa wameshapatana. Yeye aliitoa simu yake, akaitazama, akaikumbatia kifuani kwa mikono miwili, kwa kuwa humo ndimo alimosikia sauti ya mama yake mara ya mwisho, akiwa amesimama papo hapo dirishani.