Mgonjwa Asiyeugua

“Umesafiri kutwa nzima kumwona baba au bosi wako?” kaka mtu alimfokea dada yake kwenye korido ya wodi, akiinyooshea kidole kompyuta iliyokuwa mapajani mwa dada huyo.

“Na wewe uliyekuwepo jana, ulimwambia nini daktari?”

“Baba mwenyewe alisema hajambo!”

Hapo ndipo palipomchoma dada mtu. Baba yao hata roho ikimfika kooni, ukimuuliza hali atakujibu njema. Siku tatu daktari amepita saa nne, saa ileile binti akiwa kwenye kikao cha kazi mtandaoni, na siku tatu mzee ameandikiwa anaendelea vizuri. Leo alikuwa anaruhusiwa kurudi nyumbani, na asubuhi hii binti amekuta leso yenye damu chini ya mto wa mzee.

Bosi akatokea kwenye skrini.

“Mkuu, leo kikao kiendelee bila mimi.”

Akafunga kompyuta kabla hajajibiwa, akaingia wodini.

“Sijambo kabisa, daktari,” baba alikuwa akisema.

“Mwongo huyo!” Binti akaikunjua leso. “Anakohoa hivi.”

Baba akamkata jicho. “Umbea umejifunza wapi?”

“Kazini, baba.”

Daktari akaichana karatasi ya ruhusa. “Haendi popote. Apelekwe kupigwa picha ya kifua sasa hivi.”

Binti akaanza kukisukuma kitanda mwenyewe.