Kipara cha Kaka

Kinyozi akianza kuota kipara hana pa kujificha. Kioo kiko mbele, kingine nyuma, na wateja wana midomo. "Fundi, mbona dawa zako hazikusaidii mwenyewe?" Naye alicheka kwa sababu alitarajiwa kucheka, kisha akaendelea kunyoa. Hakuna kilichomuuma. Tangu kaka yake afariki, miezi minne sasa, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Alikula akipewa chakula, alilala usiku ukiingia, na kibanda hakukifunga zaidi ya ile siku ya mazishi. Watu walimsifu kwamba amejikaza kiume. Sifa za bure hizo.

Kaka mtu alikuwa na kipara tangu ujana, na kwa sura walifanana hivi kwamba mdogo akivaa kofia wateja waliwachanganya. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua, walinyoana. Mdogo alipitisha wembe kwenye nywele chache za kaka zilizobaki pembeni, kaka naye alimpunguza mdogo nywele huku akimtania.

"Ringa tu nazo. Hiki kipara ni cha ukoo. Zamu yako inakuja."

Basi nywele zilipoanza kubaki kwenye mto na kwenye kitana, kinyozi alijua zamu imefika. Hakujipaka hata yale maji ya kitunguu aliyowashauri wateja kwa miaka kumi na tano. Mkewe ndiye aliyeshindwa kuvumilia, akamburuta mpaka kwa daktari wa ngozi.

Daktari, mama mmoja asiye na haraka, alishika kifungu cha nywele, akakivuta taratibu. Zikamjia kumi na mbili. Alizilaza juu ya karatasi nyeupe, akazitazama kwa lenzi.

"Baba, hiki si kipara cha kurithi. Hicho huanzia pembeni mwa paji la uso na utosini. Zako zinapukutika kichwa kizima. Mtu akipata mshtuko mkubwa, nywele nyingi huacha kukua kwa pamoja, halafu hudondoka baada ya miezi miwili mitatu. Kulitokea nini?"

"Hakuna."

Mkewe akamgeukia. "Hakuna? Daktari, amemzika kaka yake. Hajatoa hata chozi."

"Poleni sana," alisema daktari. "Lakini usiwe na wasiwasi, mizizi ni mizima. Kula vizuri, pumzika. Baada ya miezi kadhaa zitarudi."

"Zote?"

"Zote."

Mke alishusha pumzi. Kinyozi alizitazama zile nywele kumi na mbili juu ya karatasi. Kitu kilimchoma kifuani, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na hakukipenda. Kile kipara alikuwa amekwisha kukikubali. Kusema kweli, alikuwa akikisubiri kwa hamu.

Hawakwenda nyumbani. Alifungua kibanda, akajifunga kitambaa shingoni, akaketi kwenye kiti cha wateja na kumpa mkewe mashine.

"Ninyoe. Mpaka chini."

"Mimi? Si nitakukata!"

"Hiyo haikati. Anzia mbele."

"Lakini daktari kasema zitarudi."

"Ndiyo maana. Ninyoe kabla hazijarudi."

Mke alinyoa kwa woga, akiacha mistari iliyopinda, akirudia, akiomba radhi kila akigusa sikio. Tangu kaka aondoke, hakuna mkono mwingine uliokuwa umekinyoa kichwa hicho. Kinyozi alifumba macho mpaka mashine iliponyamaza.

Alipoyafumbua, kaka yake alikuwa pale kwenye kioo, kitambaa shingoni, anamtazama.

"Zamu haikuja, kaka," alimwambia.

Midomo ya kwenye kioo ikaanza kutetemeka. Akalia kwa sauti, kamasi na machozi, mpaka mteja aliyekwisha kuingiza mguu mmoja mlangoni akaurudisha nje. Mkewe alifunga mlango, akarudi, akakiwekea kile kichwa mikono yote miwili.