Kimya cha Kipoza Hewa

Mume wangu alikuwa ameinama nyuma ya nyumba, mkono umezama ndani ya mashine ya nje ya kipoza hewa, akitoa majani yaliyonasa kwenye feni. Alianza kazi hiyo mashine iliponyamaza, akiamini kwamba mama yake ameizima kama alivyomwomba.

Niliingia sebuleni alimokuwa mama mkwe kuchukua kitambaa, nikaona taa ya kijani ya kipoza hewa bado inawaka.

"Mama, hujaizima?"

"Niizime ya nini, mkwe wangu, na imejizima yenyewe? Ina akili kuliko mwanangu."

Mashine ilikuwa imepumzika tu kwa sababu chumba kilikwisha kupoa. Joto likirudi, ingewaka bila kuulizwa. Na mlango nilikuwa nimeuacha wazi, jua likimiminika ndani.

"Baba watoto, toa mkono!" nilipiga kelele. Huko nje alikuwa akiimba kwa sauti kubwa, hakunisikia. Nikaikimbilia swichi kuu ukutani mwa korido. Nilipoishika, mashine ilianza kunguruma. Niliivuta chini kwa mikono miwili.

Nyumba nzima ikazimika. Wimbo nao ukakatika. Nilitaka kumwita, lakini nilichelea kutojibiwa.

"Imenilamba kucha!" Sauti yake ilipenya dirishani, nyembamba kama ya mtoto.

Mama mkwe aliketi sakafuni. "Hesabu vidole, mwanangu," alisema. "Hesabu kwa sauti."

Alihesabu. Sikuiachia swichi mpaka aliposema tano.