Pete Kidoleni

...vijiko vingapi vya sukari, shemeji, ananiuliza, na mimi nimekaa, mkono wa kushoto mfukoni, kwa sababu pete ya mumewe iko kwenye kidole changu cha mwisho na imegoma kutoka, nimeivuta tangu getini, kwa mate, kwa meno, kidole kimevimba, mjinga mimi, ningeificha hata kwenye soksi, lakini ndivyo tulivyozoea kikosini, anayeruka anamwachia pete anayebaki, maana kule tunakokwenda hubebi jina, wala cheo, wala picha ya mtoto, na ndege yenyewe namba zimefutwa kwa rangi, ukianguka huna mwenyewe... nishikie, na usiizoee, Twiga, mumewe huyu, aliniambia, akajikunja kuingia kwenye kiti, magoti yamefika kidevuni, nikamtania, we Twiga, siku moja utarusha ndege kwa meno, akacheka, na kicheko kile ndicho kinachonikosesha usingizi, siyo moto, moto niliusikia tu kwenye redio ya kambini, injini ya kulia inawaka moto, alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani, kisha mkwaruzo, kisha basi... hakuna ndege iliyoanguka, mkuu akatuambia, yuko kozi, nje ya nchi, wewe ndiye rafiki yake, nenda kamwambie mkewe, na hapa jikoni redio inanisaidia kudanganya, msemaji wa serikali anasema hatuna vita na mtu yeyote, ndege zetu zote ziko nyumbani, zote, anasema, na shemeji anainyonga redio katikati ya neno... kozi gani hiyo, shemeji, mtu anaacha mpaka mswaki? Walimwita ghafla, nasema. Na simu je? Huko simu hawaruhusu. Anatikisa kichwa, kijiko kiko hewani, mashati ya Twiga yamepigwa pasi, yamepangwa kwenye kiti, mikono mirefu ya kushonesha, dukani hayapatikani, nani atayavaa... wewe huwezi kunidanganya, anasema, wewe ndiye uliyetusimamia ndoa yetu, na kweli, ni mimi niliyeitunza pete hii siku ile, mfuko kama huu, nikajifanya nimeipoteza, ukumbi mzima ukacheka, shemeji alitaka kulia, sasa sina mzaha hata mmoja... nitoe mkono tu, nisiseme kitu, aione, nimekuja nikijiambia siwezi, sasa naona ningeweza, ni jambo dogo, lakini akipiga kelele walinzi watasikia kule getini, atafukuzwa kwenye nyumba hii ya jeshi na watoto wake, nami wataniweka ndani, uongo, siyo hilo, naogopa, naona haya, na kesho ni zamu yangu, pete yangu nitamwachia nani, Twiga hayupo, amebaki yule rubani mgeni, hata mke wangu hamjui, atakuja kukaa jikoni kwetu ametia mkono mfukoni, atasema kozi, na mke wangu atamkorogea chai, atamwamini, au atajifanya anamwamini, kama huyu... kama huyu, maana haniangalii usoni tena, anaangalia mfuko wangu, ameuangalia muda wote, Mungu wangu, anajua, amejua tangu nilipobisha hodi, na bado ananishikia kikombe kwa mikono yote miwili, ili nami nikipokee kwa mikono yote miwili... shemeji, ananiambia taratibu, chai inapoa. Viwili, nasema, viwili vinatosha, na mkono nauacha palepale.