Siku Kumi na Tisa za Kidawa

Mganga wa zahanati alikuwa anafika kesho yake asubuhi, na ndani ya nyumba tuliyomtengea alikuwamo mjane.

Mwenyekiti Huseni aliniita kando, mbali na wanawake waliokuwa wakipaka zahanati chokaa.

"Katibu, barua ya wilayani ilisemaje?"

"Nyumba ya mtumishi iwe ya bati, iwe tupu. La sivyo mganga anapelekwa Rondo."

"Na wewe ulijibu nini?"

Kwenye fomu niliandika kwamba nyumba iko tayari, nikagonga muhuri.

Ilikuwa nyumba pekee ya bati kijijini. Watu walipohamishwa kuja hapa wakati wa Operesheni, masika yaliwakuta wengine hawajaezeka, kijiji kikawaazima nyumba hiyo Mzee Dadi na mkewe Kidawa. Mwezi wa tatu mwaka huu Dadi aliumwa na nyoka, kifutu, kwenye mikorosho. Walimbeba kwa machela kuelekea Lindi. Alikata roho kabla hawajafika Milola.

Mimi ni Mkatoliki wa Rondo, na kijijini nilikuwa na mwaka mmoja tu. Nilihudhuria arobaini ya Dadi, nikala pilau, nikaona mikeka inakunjwa, nikadhani msiba umekwisha na mjane anaweza kuhama. Siku ya pili nikajaza fomu. Sikumuuliza mtu. Nilipokuja kuelewa kwamba eda ni miezi minne na siku kumi, na kwamba mpaka zitimie Kidawa hahami nyumba wala haonani na wanaume wasio maharimu zake, fomu ilishafika wilayani. Nikanyamaza, nikitumaini gari litachelewa kama yanavyochelewa mengine yote.

Halikuchelewa. Eda ilibakiza siku kumi na tisa.

"Nawatuma mgambo wawili wamtoe," Huseni alisema bila kunitazama.

"Mwenyekiti, wewe si Mwislamu?"

"Ndiyo maana nawatuma mgambo, siendi mwenyewe."

Nilimwomba anipe mpaka adhuhuri.

Nilisimama chumba cha mbele; Kidawa alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya mlango wa kati uliorudishwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunifukuza?"

"Mganga anakuja kesho. Mwenyekiti anataka kutuma mgambo."

"Najua. Mara ya kwanza walinipakia kwenye lori pamoja na kuku wangu, nikapanda. Safari hii sipandi. Wakija hao mgambo, waambie wabebe na sanda."

Nilimsikia akisogea karibu na mlango.

"Unadhani mimi simtaki huyo mganga? Mimi, mke wa Dadi?" Kisha akaugonga mlango wa kati kutoka ndani. "Zibeni hapa. Chumba cha mbele mtoboleeni mlango wa barabarani. Yeye na mlango wake, mimi na wangu wa uani."

Mwenyekiti alikubali, tukaanza mchana huohuo. Wanaume walikata fito, wanawake wakachota maji na kukanda udongo. Huseni naye akavua kanzu, akaingia matopeni, lakini kila mara alisimama kutoa maelekezo.

"Mwenyekiti, udongo haukandwi kwa hotuba!" Mwanaasha, mmoja wa wanawake waliokuwa wakikanda, alimpigia kelele. "Tia miguu!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nabonyeza ukuta kwa dole gumba, na dole lilizama. Jua lilipotua, dole lilikuwa bado linazama.

Landrova ilifika saa tatu asubuhi. Ndugu Petro, afisa wa wilaya, aliingia nyumbani kabla ya kumaliza kusalimiwa. Akashika ukuta. Udongo ukamganda vidoleni.

"Ukuta huu ni wa lini?"

"Wa jana," nikasema.

Upande wa pili Kidawa akakohoa.

Petro alijifuta mkono kwa leso, akatoka nje. "Ndugu Klementi, hakuna kushusha. Tunakwenda Rondo."

Klementi ndiye aliyekuwa mganga, kijana mwembamba wa miwani, mguu mmoja chini na mmoja garini. Nyuma yake niliona sanduku la dawa limefungwa kwa kamba. Huseni alikuwa anatazama ardhi.

"Fomu niliijaza mimi," nikasema. "Mwenyekiti hahusiki, wala mjane."

"Uliidanganya serikali."

"Siku ya kuijaza nilikosea. Siku zilizofuata nilidanganya."

"Basi mmeshajinyima mganga."

"Niadhibu mimi, Ndugu Petro. Sanduku lisirudi."

"Mle ndani kuna nani?" Klementi aliuliza.

Nikamweleza. Aliuliza nyoka gani, na mtu alikaa muda gani kabla ya kufa. Tangu asubuhi hadi alasiri, nikamwambia. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akateremsha mguu wa pili.

"JKT nililala kwenye hema mwaka mzima," akamwambia Petro. "Ukuta mbichi utanifanya nini?"

Petro alitazama saa yake, kisha sanduku la dawa.

"Haya, yeye abaki," alisema mwishowe. "Wewe, Katibu, panda. Utajieleza mwenyewe wilayani, na usitegemee kurudi na kazi."

Nilimkabidhi Huseni muhuri na funguo za ofisi. Aliupokea mkono wangu kwa mikono miwili. Wanaume wanne walishusha sanduku la dawa. Nilikuwa nimeshakalia kiti cha Klementi niliposikia sauti ya Kidawa kutoka uani.

"Ameshuka?"

"Ameshuka, mama!" nikamjibu.

Petro akabamiza mlango, dereva akatia gari moto.