Salamu za Idi Zilizokwama

Asubuhi ya Idi, mjini Sfax, Mama Manubia alikataa kula. Samaki wa chumvi alikuwa mezani na sharmula yake, mchuzi mzito wa vitunguu na zabibu kavu, mwezi mzima tumefunga, naye kakunja mikono. Hatii tonge kinywani siku hiyo mpaka asikie salamu za wanawe wote. Ana kisukari, na vidole vilishaanza kumtetemeka. Mimi mpangaji wake, mzee wa kuhamahama niliyetia nanga hapo, nilikaa na njaa yangu kwa adabu.

Binti yake Yusra, mwandishi wa programu, alikuwa amemtengenezea ukurasa kwa JavaScript. Kila mtoto aliye ng'ambo anatuma sauti. Ukurasa ukiomba sauti, kwanza unapewa kitu wanachokiita ahadi: itatimizwa au itavunjika, baadaye. Yusra akaandika kipande kidogo cha kuzisubiri ahadi zote pamoja.

Kioo cha kompyuta kilikuwa kitupu.

"Imekwama," nikasema.

"Haijakwama, ami Lazhar," akajibu Yusra. "Ndugu yangu Anwar hajajibu, yuko melini."

"Na wenzake?"

"Sauti zao zimefika zamani. Nimeiambia isitoe hata moja mpaka zote zitimie."

"Ukatili huo kakufundisha nani?"

Akamwonyesha mama yake kwa kidevu. "Si huyo hapo."

Mama Manubia akacheka kwa mbali. "Kumbe mimi ndiye niliyeiharibu mashine."

"Naweza kuiwekea muda, mama. Ukipita, tunamhesabu Anwar hakujibu, tunaendelea."

"Usimhesabu hivyo mwanangu. Bahari unaijua wewe?"

Yusra akairudisha mikono juu ya vitufe. Kisha akasema taratibu, "Basi kila sauti itoke ikifika. Ya Anwar naiacha ingoje."

"Mpaka lini?"

"Mpaka utakapoufunga ukurasa."

Akafuta mistari, akaandika mingine, akajaribu. Sauti ya Rashed ikatoka Lyon, inalalamikia mkate wa huko, watoto wanapiga kelele nyuma yake. Ikafuata ya Basma, analia na kucheka. Mama Manubia alisikiliza kafumba macho, anaitikia kila dua kana kwamba wanamwona.

Zilipokwisha, likabaki jina la Anwar na kiduara kinachozunguka kando yake. Yusra akamega mkate, akauchovya, akamshikia mama yake karibu na mdomo. Mama aliutazama mkate, akalitazama lile jina.

"Usiufunge ukurasa huo," akasema, akala.