Tarumbeta ya Kazadi na Mafuta ya Mawese

Uliangalia pembeni. Usikatae, nilikuona. Mwaka wa tisini na tatu, majirani zetu wa Kasai walipofukuzwa, wakakaa kwenye stesheni ya Likasi miezi na miezi, na magodoro yao na masufuria yao, wakingoja treni ya kuwapeleka "kwao", huko ambako wengine hawakuwa wamekanyaga hata siku moja, weye ulipita barabara ya ng'ambo. Ulikuwa na haraka. Ulikumbuka ghafla kwamba kamba ya kiatu imelegea. Mimi sikusoma sana. Ninayoyajua niliyaokota katika magazeti ya kufungia karanga. Lakini kichwa changu hakisahau, na hilo linawaudhi wengi hapa mjini.

Haya, tulia, leo sitakupiga. Nataka kukusimulia habari ya Papa Lambert na tarumbeta, maana ndani yake yumo mchuuzi mmoja aliyefanya kazi yake sawasawa. Katika miaka hii yetu, huyo ni mtu wa kwenda kutazamwa kama tembo akipita sokoni.

Tarumbeta haikuwa ya Lambert. Ilikuwa ya Kazadi, fundi umeme wa kampani ya madini, waliyepiga naye katika fanfare, bendi ya parokia, miaka kumi na miwili. Siku treni ilipofika, Kazadi aliona watu wananyang'anywa mizigo mlangoni mwa behewa. Akamtia Lambert lile sanduku jeusi mikononi. "Unichungie," akasema, akapanda. Basi.

Mwezi wa sita, mwaka wa tisini na tano, sauti ya Kazadi ikatokea katika foni yangu. Unaijua foni yangu, karibu na soko: simu zimekufa, posta imekufa, mtu akitaka kuongea na mji mwingine anakuja kwenye redio yangu inayokula betri ya lori. Unabonyeza, unasema, unamaliza kwa "à vous", unaachia, mwenzako anajibu. Na wote walioketi kwenye benchi wakingoja zamu wanasikia. Ndoa ngapi zimevunjika pale, benchi ikitoa maoni!

Kazadi alikuwa Mwene-Ditu, huko Kasai; nikatuma mtoto amwite Lambert. Hakusalimu sana.

"Lambert, banasema uliuzisha tarumbeta yangu. À vous."

"Bongo! Ni uongo! Iko mu nyumba! Iko inalala juu ya kitanda, minye ninalala chini! À vous."

"Basi ulete hapo samedi, saa ine ya asubui. Upige, nisikie. Kama shisikie, nitajua uliikula. À vous."

Lambert alitoka kifua mbele. Alipofika nyumbani, mtaa wa Kakontwe, akafungua sanduku, na kifua kikarudi ndani. Pistoni tatu, zile anazobonyeza kwa vidole, zilikuwa zimekwama. Ukibonyeza haishuki, ikishuka haipandi. Siku ya Pasaka zilikuwa zikicheza vizuri tu.

Alhamisi akarudi kwangu, uso wa majivu, akaomba nimwitie Mama Eugénie wa Lubumbashi.

Mama Eugénie ana duka la vyombo vya muziki. Wateja walipokosa nauli ya kumfikia, akanunua foni na kuanza kuuza kwenye mawimbi: nyuzi za gitaa kwa Kolwezi, ngozi za ngoma kwa Kamina. Unaagiza, hamjaonana, kifurushi kinakuja na dereva wa lori. Wako wengine waliojaribu biashara hiyo. Mmoja alitutumia gitaa ya nyuzi sita yenye matundu ya nyuzi tano. Jina lake ninalo.

"Mama Eugénie," Lambert akaanza, "ninaomba pistoni tatu mupya za tarumbeta. Na lori ya leo, tafazali. À vous."

Mchuuzi mwingine angesema ndiyo papa, mara moja papa. Huyu akauliza:

"Papa, mbele ya kukuuzisha. Zinakwama siku muzima, ao asubui tu? À vous."

Lambert akanitazama. Tangu kampani iache kumlipa mshahara, hakuna aliyekuwa amemuuliza swali lolote na kungoja jibu.

"Asubui sana. Muchana zinaregea kidogo. À vous."

"Na unapakaa mafuta gani? À vous."

Benchi ikasogea mbele. Zamani Lambert alikuwa akipata mafuta mepesi ya mashine kutoka karakana ya kampani. Karakana ilifungwa. Mwanamume akajitafutia.

"Mafuta ya... ya mashine. À vous."

"Ya rangi gani? À vous."

Hapo Mama Suzanne, anayeuza mawese sokoni, aliyekuwa akingoja kuongea na dada yake, akashindwa kujizuia.

"Myekundu! Sema kweli, Papa Lambert! Njo minye nilikuuzishia! Na minye niko nasema, ule papa anakula majani ya sombe sana!"

Benchi ikavunjika kwa kicheko. Sasa tukaelewa kwa nini mbwa wote wa mtaa walifuata maandamano ya Pasaka. Na kidole cha Lambert, maskini, kilikuwa bado kimebonyeza. Alipokiachia, sauti ya mtu tusiyemjua, labda Kolwezi, labda Dilolo, ikaingia: "Aongeze kitunguu!"

Mama Eugénie hakucheka. Au alicheka kidole kikiwa mbali na kitufe. Kwa vyovyote namheshimu.

"Papa Lambert, tarumbeta yako haina ugonjwa. Ni baridi. Ule mama wa mawese, asubui ya mwezi wa sita, anafanya nini na chupa yake? À vous."

"Ninaitia kwa jua, ju iyeyuke!" Suzanne akajibu, akaziba mdomo wake kwa kiganja.

Hakuna nyumba Likasi isiyoanika chupa ya mawese juani wakati wa baridi. Kila mpishi anajua kwamba usiku yanaganda. Wala hakuna aliyefikiria tarumbeta. Hata mimi mwenye kichwa kikubwa.

"Utoe pistoni," Eugénie akaendelea, "usafishe na maji ya vuguvugu na sabuni, upanguse na kitambaa ya laini. Kisha mafuta ya taa, tone moja moja. Shitakuuzishia kitu leo. À vous."

Kwa kuwa siwezi kunyamaza, nikamnyang'anya Lambert kipaza sauti. "Mama, unapoteza mteja. À vous."

"Mteja ni ule anayepiga. Akiacha kupiga, atakuya kununua nini kwangu? Terminé."

Jumamosi, hiyo samedi yenyewe, Lambert alikuja saa tatu na nusu, sanduku ndani ya koti kama mtoto mchanga, akinuka kama taa ya kibatari.

"Zinateleza!" akatangaza. Akabonyeza: chini, juu, chini, juu. Benchi ikapiga makofi. Mama Suzanne hakuwa na mtu wa kuongea naye siku hiyo. Alikuja kuona kazi ya mafuta yake.

Lambert akaweka tarumbeta mdomoni, mara ya kwanza tangu aisafishe, akapuliza.

Mashavu yakavimba, macho yakatoka. Sauti haikutoka, hata ya mbu. Akapuliza tena. Pumzi ilikwama humo ndani kama iliyogonga ukuta.

Safari hii hakuna aliyecheka. Kwenye saa ya ukuta ilibaki nusu saa tu.

"Atasema niliikula," Lambert akasema polepole, akaketi. "Miaka mbili ninailalia chini. Atasema niliikula."

"Umuambie imeharibika, papa," Suzanne akajaribu.

"Mwizi yote njo anasema vile."

Foni ikakoroma.

"Likasi, Likasi, hapa Lubumbashi, Mama Eugénie. Ule papa wa mawese iko? À vous."

Sikia vizuri. Hatukuwa tumemwita. Hakuwa amemuuzia hata kitambaa. Nikajibu kwamba yupo, na kwamba hali ni mbaya.

"Nilirudia kufikiri mu usiku," akasema. "Kila pistoni iko na namba: moja, mbili, tatu. Alirudisha kila moja mu kitundu yake? À vous."

Lambert alikuwa ameshaanza kufungua. Akageuza pistoni kwenye mwanga wa mlango, akakunja macho.

"Mbili iko mu nyumba ya moja," akanong'ona. "Na moja iko mu nyumba ya mbili."

"Basi irudi kwake, pumuzi itapita," Eugénie akasema nilipomfikishia. "Kila moja kwake. À vous."

Neno hilo lilinichoma, nakiri. Kwa pistoni ni kweli; imechongwa namba kiwandani. Mtu hana namba. Kazadi alizaliwa hapa Likasi, na hapa ndipo pumzi yake ilipokuwa ikipita.

Saa nne kamili, Mwene-Ditu ikaita. Nilishika kitufe mwenyewe, maana Lambert alihitaji mikono yote miwili. Akapiga ule wimbo wa kuingilia misa ya Pasaka, waliokuwa wakiupiga wawili. Alipiga sauti yake tu, na kila palipokuwa zamu ya Kazadi akanyamaza, akahesabu kwa mguu, kisha akaendelea. Nikaachia.

Mkoromo.

"Lambert," sauti ikaja mwishowe. "Unapumua mubaya kama zamani. À vous."

Benchi ikacheka, na Suzanne akajipangusa macho na kikwembe. Kazadi akarudi hewani:

"Njo yangu. Ninaijua. Uichunge, nitakuya kuitwaa minye mwenyewe. Na unisamehe, kwa lile neno ya kusema uliuzisha. À vous."

Imepita mwaka. Hajaja bado. Tarumbeta iko Kakontwe, namba zote mahali pake, inanuka taa, na Lambert bado analala chini.

Sasa turudi kwako. Ile cherehani katika chumba cha nyuma, unayoifunika kitambaa wageni wakija, ni ya nani? Na ule mlango wa mbao nzuri? Na gitaa? Mwenyewe, jirani aliyepanda treni, hakukupa: alikuachia uchunge, au hata hakukuachia. Mama Eugénie alikosa usingizi kwa ajili ya pistoni ya mtu asiyemjua sura. Weye ulikula na mwenye cherehani sahani moja ya bukari, ugali wetu.

Simama. Usimalize chai. Toa kitambaa, uandike jina la mwenyewe kwenye karatasi, ulete kwangu leo hii. Betri nimeijaza. Benchi itasikia yote na itakucheka, hilo siwezi kuzuia. Lakini bonyeza, mwite, umwambie kitu chake kiko. Halafu uachie kitufe, umsikilize.